Mwenyekiti wa Kudumu

Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Agosti. Asubuhi ile mawingu ya kijivu yalikuwa yameshuka karibu kugusa mapaa, na manyunyu yalikuja na kuondoka kama mgeni asiye na hakika kama amekaribishwa. Baridi haikuwa kali, lakini ilimtosha fundi viatu kufunga dirisha la karakana yake kabla hajakaa kwenye kigoda kuvaa viatu vya safari.

Mtaani walimwita Mzee Soli. Hakukuwa na mtu aliyepita mlangoni kwake asitazamwe kwanza chini, kwenye soli, ndipo atazamwe usoni na kusalimiwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa pia mwenyekiti wa Chama cha Watembea Mwendo Mrefu, watu ambao kila Jumamosi walitembea kilomita thelathini, jua au mvua, bila kushindana na mtu na bila kufukuzwa na mtu. Leo alikusudia kuacha uenyekiti. Alikuwa amekusudia hivyohivyo mwezi wa tano, na wa sita, na wa saba.

Mkewe alikuwa jikoni akimimina chai. Alikuwa ametumbukiza ncha ya kidole kwenye ukingo wa kikombe, ili chai ikimgusa ajue kimejaa. Hakufundishwa na mtu. Mwezi wa nne daktari wa macho aliwaeleza kwamba macho yake yanafunga kuanzia pembeni kuja katikati. Kwa sasa anaichungulia dunia kama kupitia bomba, na kabla ya mwaka kwisha bomba lenyewe litaziba. Daktari alirudia maneno hayo mara mbili, polepole, kisha akawafungulia mlango.

Mkewe hakulia pale. Alilia nyumbani, siku moja tu, halafu akaomba kitu kimoja: Jumamosi. Siku nyingine fundi hushinda na viatu vya watu, na siku ya ibada ina mambo yake. Alitaka mumewe amtembeze njia zake mwenyewe wakati bado anaona kidogo. Kutoka mlangoni mpaka sokoni, mpaka nyumba ya ibada, mpaka kwa dada yake ng'ambo ya barabara kuu. Ahesabu hatua, aguse kuta, ajue mtaro uko wapi na kila kona ina sauti gani. Giza likija, liikute miguu imekwisha kujua.

Tangu aombe zilikuwa zimepita Jumamosi kumi na saba. Hakuwa amepata hata moja.

"Leo unawaambia?" aliuliza, akiweka kikombe mbele ya mumewe.

"Leo nawaambia."

"Wakikataa?"

"Tutaona."

"Wewe na hilo neno lako," alisema mkewe. "Utaona wewe. Mimi muda wangu wa kuona ndio huo unaoumalizia mikutanoni."

Fundi aliinama kukaza kamba ya kiatu iliyokwisha kukazwa.

"Halafu leo nakuja na wewe," mkewe aliongeza. "Ukishindwa kusema, nataka nikusikie unavyoshindwa."

"Kuna manyunyu, Mama."

"Daktari hakusema nina ugonjwa wa kuyeyuka."

Basi wakatoka, yeye ameshika mkono wa mumewe juu kidogo ya kiwiko. Fundi aliyekwisha kuwavusha watu mabonde na madaraja ya kamba alifika kona ya tatu ya mtaa wake mwenyewe akasahau kwamba mfuniko wa mtaro haupo. Mguu wa mkewe ulizama mpaka kwenye kifundo. Hakuumia. Alitoa mguu, akakung'uta kiatu, akasema, "Huo mmoja nimeshaujua." Moyoni fundi alikuwa akisali.

Alikuwa mtu wa sala, na sala yake tangu mwezi wa tano ilikuwa moja: apewe ujasiri. Na ujasiri alipewa, hilo hakulikana. Kila Jumamosi alfajiri aliinuka kutoka magotini akiwa nao tele. Tabu ni kwamba ulivuja njiani, kama maji kwenye chupa iliyotoboka, na kila alipofika ukumbini alikuta chupa tupu.

Ili mambo yaeleweke, lazima tuseme jinsi chama kile kilivyokuwa. Kwingine kiongozi hutangulia, lakini kwao mwenyekiti alikuwa mkia. Alitembea nyuma ya wote, akiokota waliochubuka visigino, waliovunjika moyo, na waliosema wanachuma ua kidogo kumbe wameishiwa pumzi. Alibeba sindano na uzi wa kushonea viatu, na alishona soli iliyobanduka huku mwenye kiatu amesimama mguu mmoja kama korongo. Safari ilihesabiwa imekwisha pale mkia unapofika. Ndiyo sababu cheo hicho hakikuwa na mtu aliyekitamani. Nani anataka kula vumbi la watu arobaini na kusikiliza malalamiko yao yote?

Mwezi wa tano fundi alisimama mbele yao, akasafisha koo, akasema kwa adabu kama alivyolelewa, "Ndugu zangu, baada ya miaka hii yote, naomba kupumzika."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo lingewezekana kwenye chama kile peke yake. Kwa watembea mwendo mrefu, kupumzika ni neno la kazi. Kila baada ya kilomita tano mtu yeyote anaweza kuomba kupumzika, na akiomba hapewi hotuba. Fundi bomba mmoja mwenye kifua kipana, waliyemwita Kipenga, hupuliza kipenga chake, watu wote hukaa chini, hunywa maji dakika kumi, kipenga hulia tena, na safari huendelea. Kwa hiyo siku ile Kipenga akapuliza. Watu wakakaa, wakafungua chupa. Baada ya dakika kumi akapuliza tena, na mtu mmoja akampigapiga fundi mgongoni: "Umepata nguvu, Mwenyekiti? Haya, twende." Kwenye daftari iliandikwa: Mwenyekiti aliomba kupumzika. Tulipumzika.

Mwezi wa sita aliandika barua. Katibu alikuwa mwalimu wa lugha aliyestaafu, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, na wote walimwita Mwalimu. Aliipokea barua, akaisoma, akairudisha wiki iliyofuata imesahihishwa kwa wino mwekundu. Chini aliandika: Barua nzuri. Rekebisha aya ya pili. Fundi alirekebisha aya ya pili, na aliporudi nayo Mwalimu alimsifu mbele ya watu kwa bidii yake, akaiweka ndani ya mkoba. Haikutoka humo.

Mwezi wa saba alimwendea Makamu peke yake. Makamu alikuwa mfamasia, na chama kilikutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka lake la dawa. Yeye alitembea mbele siku zote, kwa hatua ndefu, utadhani ameambiwa barabara inakaribia kwisha. Alimsikiliza fundi, akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa chupa ya vitamini.

Leo ukumbi ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Kwenye viti vya plastiki walikaa watu thelathini na zaidi, magunia yao ya mgongoni yameegemezwa ukutani karibu na mlango. Palinuka dawa ya kuchulia misuli na makoti yaliyoloa.

"Shemeji, karibu, karibu mbele," Makamu alimwambia mke wa fundi. "Leo umefanya vizuri kuja. Leo ni siku yenu."

"Siku yetu ya nini?"

"Subiri kidogo tu, Shemeji."

Fundi alimkalisha mkewe kiti cha pembeni, mstari wa kwanza. Kabla hajageuka, Makamu alikuwa ameshasimama na kifurushi cha karatasi mkononi.

"Ndugu wanachama," alisema Makamu, "mwenyekiti wetu ni mnyenyekevu. Miezi hii amekuwa akijishusha, akionyesha dalili kwamba pengine hatumtaki. Sisi hatukuwa na maneno ya kumjibu. Tumemjibu kwa kitambaa."

Akakunjua kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha kung'aa gizani ambacho mkia huvaa ili magari yamwone. Hiki kilikuwa kipya. Mgongoni kilishonwa kwa herufi kubwa nyeusi: MWENYEKITI WA KUDUMU.

Watu walipiga makofi mpaka vioo vya dirisha vikatikisika. Walimvisha. Kizibao kilikuwa na vishikizo vya plastiki kila ubavu, vya aina ile inayojikaza yenyewe kila ukivuta, na kwa furaha yao walivuta kweli. Fundi alisimama mbele yao amebanwa mbavu, akitabasamu, kwa kuwa uso wake haukujua kazi nyingine ya kufanya mbele ya watu wanaompenda. Aliwatazama mmoja mmoja. Aliwajua wote kwa nyayo: huyu hukanyagia nje, yule hula kisigino cha kushoto, yule aliyekuwa akija amenuna baada ya kufiwa na mume na sasa anacheka. Angewaambia nini?

"Neno, Mwenyekiti," walisema.

Alifungua kinywa. Aliwashukuru. Akashukuru tena, akamshukuru aliyeshona. Akasema kuwa hastahili, wakasema anastahili. Jasho lilimtiririka chini ya kizibao. Mwisho maneno yakatoka kwa njia ileile yaliyozoea:

"Lakini ndugu zangu, kwa kweli, mimi naomba... naomba kupumzika."

Kipenga akapuliza.

Viti vikaburutwa. Chupa zikafunguliwa, mtu akaanza kugawa maandazi, na ukumbi ukajaa mazungumzo kuhusu njia ya leo na kilima cha mwisho. Fundi akaenda kukaa kando ya mkewe.

"Ndio umesema?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesema."

"Mbona wanakunywa maji?"

Fundi alivuta kishikizo cha ubavuni, kikazidi kukaza.

"Hicho ulichovaa kimeandikwa nini? Naona rangi tu."

"Mwenyekiti wa Kudumu."

Mkewe aligeuza kichwa polepole, jinsi alivyolazimika kufanya siku hizi, mpaka uso wa mumewe ukaingia kwenye kile kijidirisha kilichombakia. Akamtazama.

"Mwenyekiti wa kudumu," alisema. "Na mume je? Wa muda?"

"Mama, usiniumize."

"Sikuumizi, nauliza. Nimekaa hapa nimekusikiliza. Unaongea nao kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga mguu wa mtu. Hakuna aliyekufunga, Baba Soli. Hawa hawajui hata kama kuna kamba. Umejifunga mwenyewe, na wewe ni fundi, fundo lako unalijua."

"Wanategemea."

"Wanategemea, ndiyo. Na wewe unapenda wakutegemee. Hata mimi ningependa. Mtu akinitegemea leo nitafurahi mpaka nilale." Alitafuta mkono wa mumewe, akaukosa mara ya kwanza, akaupata. "Hukuwaambia kuhusu macho yangu."

"Sikutaka wakuonee huruma."

"Hukutaka wakuachie."

Neno lile lilimwingia fundi kama sindano inayopita kwenye ngozi mpaka kwenye nyama ya kidole. Lilikuwa kweli. Angesema tangu mwezi wa tano, neno moja tu, mke wangu anapofuka, na ukumbi mzima ungemfungulia mlango. Alikuwa amelificha neno hilo kama mtu anayeficha ufunguo halafu akalalamika kwamba amefungiwa. Alifumba macho. Mungu wangu, alisema moyoni, sikuombi tena ujasiri. Umenipa mara nyingi na nimeumwaga. Nipe neno wasiloweza kulinywea maji.

Kipenga kikalia. Watu wakarudi kwenye viti, wengine wakianza kuvaa magunia yao, maana mkutano kwao ulikuwa umekwisha na barabara inasubiri.

"Umepumzika, Mwenyekiti?" aliuliza Kipenga. "Tuondoke?"

Fundi alisimama. Hakwenda mbele. Alibaki palepale kando ya mkewe, akainua mkono wa kulia wazi, kiganja kimewaelekea.

"Nimeishia hapa," alisema.

Ukumbi ulinyamaza ghafla, kama redio iliyokatiwa umeme. Kila aliyekuwepo alilijua neno lile. Ilikuwa kanuni ya tisa ya chama, na fundi mwenyewe ndiye aliyeiandika, mwaka ule ambao mshonaji mmoja alibembelezwa kwa maneno matamu kilomita nne za mwisho, akafika akishangiliwa, kisha akalala kitandani wiki mbili. Mtembeaji akiinua mkono na kusema "Nimeishia hapa", asibembelezwe, asisukumwe, asiulizwe sababu. Katibu ataandika mahali na saa. Wengi wao walikuwa wamelisema, wengine mara nyingi. Mkia hakuwahi.

Makamu ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mwenyekiti, hapana. Tumekukosea nini?"

"Asiulizwe sababu," Kipenga alimkumbusha.

"Kanuni hiyo ni ya barabarani. Hapa tuko ukumbini. Hata hatujaanza kutembea. Mtu ataishiaje kabla hajaanza?"

Wote walimgeukia Mwalimu. Alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa wa kanuni, kidole kikipita chini ya mstari kama kilivyopita chini ya mistari ya watoto wa watu miaka thelathini.

"Kanuni imesema mtembeaji," alisema. "Haikusema aliye barabarani. Ingetaka kusema barabarani ingesema. Nakuuliza, Makamu: huyu ni mtembeaji au si mtembeaji?"

"Ni mtembeaji, Mwalimu, lakini..."

"Basi sentensi imekamilika. Hiyo 'lakini' yako haina pa kukaa." Akageukia ukurasa mweupe, akavua kifuniko cha kalamu. "Mahali?"

"Hapa," alisema fundi. "Kando ya mke wangu."

"Saa?"

Mtu mmoja akamtajia. Mwalimu aliandika, na ukumbi mzima ukasikiliza kalamu ikikwaruza karatasi.

"Sababu siulizwi," fundi alisema, "ila naitoa mwenyewe, maana nilipaswa kuitoa zamani. Mke wangu anapoteza macho. Daktari ametupa mpaka mwisho wa mwaka. Ameniomba nimfundishe njia za mtaani kwetu kabla hajaacha kuziona, na mimi Jumamosi kumi na saba nimekuwa huku na nyinyi, nikimwambia kwamba mmenikatalia. Hamkunikatalia. Sikuwaambia. Nimewasingizia kwake, na yeye nimemnyang'anya. Nisameheni."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke aliyefiwa na mume alifuta pua. Makamu alikaa chini taratibu, akatazama viatu vyake, vile vya soli nene ambavyo fundi alimtengenezea.

"Sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Sawa kabisa. Ila leo tu, Mzee Soli. Njia imeshapangwa. Shemeji atakaa hapa dukani, msichana wangu atampa chai, na wewe utufikishe leo, halafu wiki ijayo..."

Na hapa lazima tuseme kweli: moyo wa fundi uliruka. Leo tu. Ni siku moja. Mguu wake wa kulia ulisogea wenyewe, nusu hatua, kuelekea mlangoni ambako magunia yalikuwa yakisubiri. Mkewe aliusikia ule mguu. Alikunja mikono mapajani na kutazama mbele kama abiria.

Fundi aliurudisha mguu.

"Hiyo, Makamu," alisema, "itakuwa ya kumi na nane."

"Na ni kubembeleza," alisema Kipenga. "Kanuni imekataza. Mkia wa leo ni wewe."

"Mimi? Nyuma?" Makamu aliwatazama kana kwamba wamemwambia atembee kwa mikono. "Mimi sijawahi kuwaona migongoni. Nitasinzia."

"Utajifunza majina ya migongo," alisema Mwalimu. "Vua hicho kizibao, Mwenyekiti. Samahani. Vua, Mzee Soli."

Kuvua kulikuwa kazi. Vishikizo viligoma. Kipenga alishika ubavu mmoja, Makamu mwingine, wakavuta, wakabonyeza, wakalaumiana, na mwishowe fundi aliinua mikono juu wakamvulia kichwani kama mtoto anayekwenda kuoga. Masikio yalibaki yakimuuma. Makamu alikigeuza kizibao upande wa ndani ili herufi zisisomeke, akakivaa.

Fundi hakujisikia mwepesi, kama alivyotarajia. Watu walikuwa wakiinuka, wakijifunga mikanda ya magunia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne hakuna aliyemtazama ili ajue kama waondoke. Sehemu moja ya moyo wake, na aliionea aibu, bado ilitamani mmoja wao avunje kanuni.

"Ngojeni kidogo," alisema mkewe.

Alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Wote wakatulia.

"Mmemwachia, nawashukuru. Mungu awape miguu mizuri. Lakini sijamaliza naye. Nyumbani huyu ameniahidi mara nyingi, tukiwa wawili, na ahadi ya watu wawili mmoja akisahau imekwisha. Nyinyi ni wengi. Nataka aseme mbele yenu. Na Mwalimu, nakuomba uandike."

"Nitaandika," alisema Mwalimu.

Fundi alimshika mkewe mkono. Uso ulimwaka moto. Alitafuta maneno ya adabu, ya kuzungusha, na yote yalikuwepo, yamepangwa tayari mdomoni kama misumari ya kazi. Akayatema.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema, na Mwalimu akaanza kuandika, "naahidi kwamba kila Jumamosi ni ya mke wangu, kuanzia leo, tukitoka mlango huu. Tutaanza na njia ya sokoni. Tutairudia mpaka aijue kuliko mimi, ndipo twende ya pili. Nisipotoka naye, yeyote kati yenu aje mlangoni kwangu aniulize kwa nini, na nitamjibu. Na Jumamosi ile atakayoamka haoni kitu, tutatoka vilevile."